Seva Iliyobarikiwa

Shangazi yangu Odilia ana kinyaa. Sisemi kinyaa cha watu wa kawaida, cha kuona nzi kwenye chai ukaimwaga. Cha kwake ni kipaji, kama wengine walivyojaliwa sauti ya kwaya. Akiingia nyumbani kwa mtu, pua inatangulia, yeye anafuata, na mwenye nyumba anaanza kujitetea kabla hajaulizwa kitu. Siku ya ubatizo wa mdogo wangu, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ilimfikia ikiwa imeshapita kwenye midomo ya ukoo mzima. Aliliangalia lile povu lenye alama za sharubu za watu, akamsogezea aliyekaa kando yake, akasema, "Kunywa wewe. Mimi nimeshashiba ndugu." Ukoo haukucheka. Nilicheka mimi, nikapigwa kofi.

Kinyaa hicho ndicho kilichomlisha maisha yake yote. Alizaliwa Kirua Vunjo, kwenye kihamba cha babu, shamba la ukoo la migomba na kahawa, na tangu mdogo kazi yake ilikuwa kuchambua kahawa kwenye vichanja. Dada zake walichambua huku wakipiga soga. Odilia alichambua kama askari anayekagua mabehewa. Punje iliyooza aliitupa mbali kwa hasira, kana kwamba imemtukana mama yake. Alipomaliza kidato cha nne akapata kazi mjini Moshi, kwa watu wa kahawa, akapiga chapa barua kwa muda, hadi muonjaji mkuu alipogundua kwamba yule binti anayemletea maji ya moto hukunja uso kabla yeye hajaonja. Alimjaribu kwa vikombe kadhaa. Kila kikombe kibaya, uso ulikunjwa. Akamhamishia chumba cha kuonjea.

Kwenye chumba hicho watu wazima husimama kuzunguka meza, wakavuta kahawa kwa kijiko kwa mlio wa bomba lililokatika, kisha wakatema kwenye ndoo. Mtu mwingine angeona aibu kusema kazi yake ni kutema. Shangazi aliona amefika peponi: mahali pekee duniani ambako mtu analipwa kwa kukataa kumeza.

Halafu soko likafunguliwa. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na wanunuzi binafsi walipanda mlimani na pikapu zao na mizani yao iliyoinama kama mlevi, wakinunua chochote chenye rangi ya kahawa. Mbichi, iliyovunda, yenye mawe, iliyoanikwa uani karibu na choo, yote ilitupwa kwenye gunia moja. Wakulima walifurahi kwa sababu walilipwa palepale. Shangazi hakufurahi. Hadi leo ukimwuliza soko huria ni kitu gani, atakwambia ni ndoo ya kutemea iliyopewa leseni.

Kazi ilipokufa mjini, akajiunga na chama kipya cha wakulima kilichopanga ghorofani karibu na stendi, chenye ghala kwa nyuma, akawa mtu wa ubora. Mpango wake ulikuwa mmoja tu. Alitaka kahawa ya Kirua iliyotunzwa vizuri iuzwe kivyake, isichanganywe na ya mtu. Akaanzia kwa mama yake mwenyewe, yaani bibi yangu Dominika.

"Imenywe maganda jioni ileile ilipochumwa," alimwambia. "Ioshwe. Ianikwe kwenye kichanja, siyo chini."

"Unanifundisha kahawa mimi?" Bibi alisema. "Karo yako ilitoka kwenye kahawa ipi?"

"Ilitoka kwenye hiyohiyo uliyoanika chini. Mbuzi akikatiza, unasema 'shii', halafu unaendelea kusuka ukili."

"Mbuzi hajawahi kufa kwa kupita kwenye kahawa."

"Mama, sisemi habari za mbuzi kufa!"

Bibi alitengeneza kichanja, akidai ni kwa sababu amechoka kusikia kelele. Jirani yake akatengeneza, na jirani wa jirani. Misimu mitatu baadaye, kahawa ya Kirua ilikuwa inamfanya shangazi asite kidogo kabla ya kutema, na kwake yeye hiyo ni sifa kubwa kuliko cheti.

Sasa njoo mwaka 2006. Mimi wakati huo nilikuwa chuoni, najiandaa kuacha diploma, kwa hiyo haya nimeyapata kwa shangazi mwenyewe na kwa Jovin, na wote wawili wamenisimulia kwa kutukanana. Chama kilikuwa kimepewa kompyuta na wafadhili. Moja, ile kubwa ya kutunza takwimu, waliiita seva, ikawekwa stoo kwa sababu stoo ndiko waya zilikoishia. Humo ndani zilikaa alama zote za kuonja, kijiji kwa kijiji, msimu kwa msimu. Nyingine ilikaa mezani kwa shangazi, ikiwa na programu ya kuchambua na kuchora. Programu ile yenyewe haikuwa na takwimu hata moja. Kazi yake ilikuwa kama kumtuma mtu stoo, kwa njia ya waya, akachote takwimu kwenye seva, kisha ichore vibao virefu na vifupi vya rangi ambavyo hata aliyeishia darasa la tatu anaelewa. Ili imfikishe huyo mtu, ilibidi iambiwe anwani ya seva, mlango wa kuingilia, jina na paswedi. Ukikosea kimoja, hupati kitu.

Na siku hiyo shangazi alihitaji kupata kitu. Mwenyekiti wa chama, Mzee Anold, alikuwa ameleta hoja kwamba kahawa yote ichanganywe. "Sisi ni wamoja," ndivyo alivyokuwa akisema, na mtu akianza kusema hivyo ujue kahawa yake ina ukungu. Wajumbe waligawanyika. Mkutano uliopita uliamua kwamba hautaki tena maneno ya Odilia wala ya Mzee. Takwimu zote zionyeshwe ukutani, wajumbe wazione kwa macho yao, ndipo wapige kura. Takwimu zisipoonekana, hoja ya mwenyekiti inapita. Magunia ya Kirua yalikuwa tayari ghalani, upande mmoja na ya vijiji vingine, yakisubiri tu ama yatengwe ama yamwagwe pamoja.

Shangazi alikuwa ameingiza alama zote mapema, akapanda Kirua kuwahimiza wajumbe wake washuke. Akarudi asubuhi ya mkutano, akafuta kiti (hakai bila kufuta), akawasha kompyuta, akafungua programu. Ikafikiri. Ikafikiri. Ikamwandikia: seva haipatikani.

Akajaribu tena. Haipatikani. Akafungua sehemu ya mipangilio, akaikagua kama anavyokagua punje. Anwani ileile. Mlango uleule. Jina lilelile. Akaandika paswedi upya, pole pole, akitamka kila herufi. Haipatikani. Hapo akafanya kosa la kwanza, akaanza kubadili vitu. Akabadili namba ya mlango. Akairudisha. Akabadili jina. Akazima kompyuta, akaiwasha, akaipiga kofi. Mwishowe akampigia simu Jovin.

Jovin alikuwa fundi wa kompyuta mwenye duka lake mtaa wa Soweto, hapohapo Moshi, na mkataba wa kuhudumia chama. Ujuzi alikuwa nao, hilo shangazi mwenyewe anakiri kwa shida. Tatizo la Jovin lilikuwa marashi. Alijipaka kwa namna ambayo ukikutana naye asubuhi, chakula cha mchana kinakuwa na ladha yake. Alikuja na suruali nyeupe.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa huko dirishani. Sema ukiwa huko."

"Nitaonaje kompyuta nikiwa dirishani?"

"Basi vuta pumzi kidogo, zungumza kidogo. Umebadilisha paswedi?"

"Mimi? Nimebadilishaje na sijafika hapa tangu mwezi uliopita?"

"Sijui. Wewe ndiye fundi. Kitu kikiharibika bila kuguswa, aliyekigusa ni fundi."

Jovin alikagua mipangilio, akairudisha kama ilivyokuwa, akacheka kidogo. "Dada, huyu uliyemtuma stoo angekuwa amekataliwa paswedi, angeandikiwa 'paswedi siyo'. Huyu hajafika hata mlangoni. Ameambiwa hakuna nyumba. Seva imewashwa?"

Wakaenda stoo. Kulikuwa na mikungu miwili ya ndizi, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, na vumbi kila mahali isipokuwa sehemu moja ya pembe nne, safi kabisa, mahali seva ilipokuwa imekaa. Ukutani ulining'inia waya mtupu.

"Wameiba," Jovin alinong'ona.

"Hawakuiba," shangazi alisema. Pua yake ilikuwa imeshageukia ukumbi wa mikutano. "Nasikia harufu ya mbuzi."

Ukumbini walimkuta Magdalena, mke wa Mzee Anold, akipanga viti. Na mbele, juu ya meza ndefu iliyofunikwa shuka jeupe lililogusa sakafu, chini ya msalaba, ilikaa seva. Ilikuwa imevikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, cheupe chenye ua la waridi kila pembe, kama vile redio ya baba mwenye nyumba yeyote kule juu mlimani. Magdalena alikuwa ameacha tundu dogo mbele ili taa ya kijani ionekane. Juu yake kulikuwa na maua ya plastiki.

"Umeiona, mama?" Magdalena alisema, amefurahi kwelikweli. "Tumeitoa gizani. Maskini, kitu cha thamani vile, kinakaa stoo na ndizi kama mtoto wa kambo! Juzi tulimwita Padri akaibariki. Tukachinja na mbuzi. Ulikosa ndizi za machalari, tena na supu ya kisusio."

Usimcheke Magdalena peke yake. Nitajie nyumba moja kutoka Kibosho hadi Rombo ambako televisheni haijafumiwa kitambaa. Kwetu kitu cha thamani hakikai chumba cha nyuma. Kinakaa sebuleni, kinavalishwa, kinabarikiwa, na kinaonyeshwa wageni. Kwamba kilikuwa na kazi kule chumba cha nyuma, hilo ni swali la watu wasio na adabu.

"Nani aliichomeka?" Jovin aliuliza.

"Mzee mwenyewe. Kuna tundu la umeme hapo nyuma ukutani, na jingine la waya wa kompyuta. Akachomeka kila waya, ikawaka. Tukapiga makofi."

Jovin alichungulia nyuma ya meza, akarudi akiwa ameshika kichwa. Tundu lile la pili halikuwa la chama. Ukumbi huo zamani ulipangwa na mwenye intaneti kafe ya chini, na waya wake haukuondolewa. Kwa maneno mengine, tangu juzi seva ya wakulima wa kahawa ilikuwa imeunganishwa na kafe.

"Yaani alama zangu," shangazi alisema pole pole, "ziko na wale vijana wa chini wanaotafuta wachumba Norwei?"

"Ziko nao. Ndiyo maana haipatikani. Anwani uliyoandika wewe ni ya nyumba ya zamani. Unamtafuta mtu Soweto, mwenzako kahamia Mabogini."

"Basi nipe anwani ya Mabogini, niandike."

"Hata ukiandika. Kati ya waya wetu na waya wao hakuna njia. Utajua anakokaa tu, kumfikia humfikii."

Hakumwamini. Alirudi mezani kwake akaandika anwani mpya, akasubiri kwa muda mrefu kuliko mara zote, akajibiwa yaleyale. Kwa hiyo mnaona: kabla ya chai ya saa nne, ugonjwa ulijulikana, dawa ilijulikana, na hata mganga alikuwepo. Kilichobaki ilikuwa kuichomoa seva, kuirudisha stoo na kuichomeka. Kazi ya kupika ugali.

Ndipo Mzee Anold akaingia na suti.

"Shikamoo mzee," shangazi alisema.

"Marahaba binti yangu." Binti alikuwa na miaka arobaini na kitu, lakini Mzee aliita mabinti wanawake wote wasio na mume, hata wale aliosoma nao. "Mambo yamependeza, eh? Mpiga picha anakuja."

"Mzee, tunairudisha seva stoo."

"Aah-aah. Hapana."

"Haifanyi kazi hapo ilipo."

"Inafanya. Si inawaka? Ona taa." Alionyesha lile tundu kwenye kitambaa. "Imebarikiwa hapo, itakaa hapo. Unataka nimwambie Padri nini? Kwamba baada ya yeye kuondoka tuliirudisha kwenye ndizi?"

Shangazi akamgeukia Jovin. Jovin, aliyekuwa amezungumza kama profesa dakika chache zilizopita, alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Jovin, mwambie."

"Dada, mzee akishasema..." Akameza mate. "Kitaalamu inawezekana pia ikae hapo. Kwa mtazamo fulani."

"Mtazamo upi?"

"Wa... wa muonekano."

Shangazi anasema harufu ya mbuzi ilikuwa kali, na marashi yalikuwa makali, lakini kilichomtia kichefuchefu hasa ni lile koromeo la Jovin, jinsi lilivyopanda na kushuka likimeza mkataba. Mtu anajua kitu, ana hakika nacho, halafu anakimeza kizima na bado anatabasamu. Yeye amefanya kazi ya kutema miaka yote, hajawahi kuona kikombe kibaya kama kile.

Akamrudia Mzee. "Nikuulize kweli, mzee. Unaogopa nini kionekane ukutani?"

Alikuwa ameshaamua kwamba ni njama. Alitaka iwe njama. Njama ina akili ndani yake. Lakini Mzee Anold alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya treni. "Kionekane kipi? Si vitaonekana? Hujaiwasha tu hiyo yako. Washa, binti, muda unakwenda." Hakuwa na njama yoyote. Alitaka picha yake na seva yenye kitambaa, basi. Shamba la Kirua, vichanja, misimu mitatu ya bibi yangu kugombana na mbuzi, vyote vilikuwa vinakwenda kumwagwa kwenye gunia moja kwa ajili ya muonekano. "Angekuwa mwizi," shangazi huniambia, "ningemheshimu."

Wajumbe walikuwa wameanza kupanda ngazi. Bibi alikuwa miongoni mwao, amefunga kichwani kitambaa chake cha Jumapili. Shangazi akaiangalia seva, akauangalia waya uliotoka nyuma yake, akamgeukia Magdalena.

"Mama, nisaidie. Padri aliponyunyiza, maji yaliangukia wapi?"

"Juu. Hapo juu."

"Kwenye waya yalifika?"

Magdalena alifikiri kwa makini, maana swali lilikuwa la dini. "Hapana. Waya ulikuwa chini ya meza. Na hata juu, niliona asije akailowesha ikalipuka, nikawa nimeshaifunika."

"Kwa hiyo alibariki kitambaa."

"Eh?" Mzee alimgeukia mkewe.

"Sasa wewe ungefanyaje? Alikuwa anarusha maji kama anamwagilia mchicha!"

"Mzee," shangazi alisema, "sitaki kuingilia kilichobarikiwa. Kitambaa kikae, sanduku likae, maua yakae, upigwe picha hadi uchoke. Ninachotaka mimi ni waya, na waya haukubarikiwa."

Mzee alimwangalia mkewe, akaangalia wajumbe waliokuwa wanaketi, akaona kuliendeleza suala hili mbele ya watu hakuna faida. "Chukueni waya," alisema. "Sanduku lisiguswe."

Jovin alipata uhai. Alikimbia stoo akauvuta ule waya wa zamani, akaunganisha na mwingine mrefu, akaupitisha dirishani hadi ukumbini. Ulifika hadi mguu wa meza. Ilibaki mtu aingie chini ya shuka, achomoe waya wa seva kwenye tundu la kafe ukutani, auchomeke kwenye huu.

Jovin aliinua pindo la shuka, akachungulia, akalishusha. "Dada, nina suruali nyeupe."

Niwaambie kilichokuwemo. Sherehe ya juzi ilikuwa imefanyika humohumo ukumbini, na mtu fulani mwenye busara za usafi aliona shuka limeshuka hadi chini, akaona hapo ndipo pa kuficha. Mifupa. Maganda ya ndizi. Sahani za plastiki zenye machalari yaliyokwishaota manyoya ya kijani. Sufuria ya kisusio ilikuwa imelala ubavu, na damu yake imeganda kwenye sakafu ikiwa na ngozi juu, na sisimizi wameshajenga barabara mbili, ya kwenda na ya kurudi. Siku mbili, mwezi wa joto, madirisha yamefungwa. Juu shuka jeupe, maua, msalaba. Ukitaka kukijua chama chetu, usisome katiba yake. Inua shuka.

Shangazi yangu, ambaye hafungui mlango wa choo cha mgeni bila kiwiko, alivua viatu, akakunja sketi, akaingia chini ya meza kwa magoti. Walimsikia akizungumza humo ndani kwa Kichagga, na bibi, aliyeketi mstari wa pili, alifanya ishara ya msalaba kwa baadhi ya maneno. Alichomoa. Akachomeka. Akatoka na mafuta ya mbuzi hadi kwenye viwiko.

"Jaribu," alimwambia Jovin.

Jovin alijua kwamba seva ikirudi kwenye waya wa chama inarudia anwani yake ya zamani, wala siyo ile ya Mabogini. Akaenda kuiandika kwenye mipangilio kule mezani. Akapiga kelele kutoka chumba cha pili: "Haipatikani!"

"Umeandika sawasawa?"

"Nimeandika sawasawa! Waya haushiki!"

Akarudi chini. Kichwa cha waya kilikuwa kimezama kwenye mafuta kabla hajakishika, vile vidude vyake vya shaba vimefunikwa utando mweupe. Mkono wake ukatokea chini ya shuka, wazi, ukidai kitu. "Leso."

"Leso gani, dada?"

"Hiyo ya mfukoni mwako. Yenye marashi."

"Hii ni ya—"

"Jovin."

Akampa. Kwa mara ya kwanza marashi yale yakawa na kazi, kwa sababu kumbe yalikuwa spiriti tupu. Yakakata mafuta kama sabuni. Akafuta, akachomeka, ikasikika 'ta'. Na kutoka chumba cha pili, Jovin akapiga mluzi.

Mkutano ulifunguliwa kwa sala. Shangazi alisimama nyuma, mikono ameiachanisha na mwili kama kuku aliyelowa, maana hakutaka kujigusa. Mashine ya kumulika ikawashwa, na vibao vikasimama ukutani, kimoja kwa kila kijiji. Cha Kirua kilikuwa kirefu kupita vingine vyote, na kila msimu kiliongezeka. Pembeni kabisa, kimeinama kama mtu aliyefiwa, kulikuwa na kibao kifupi.

"Hicho kifupi hapo ni cha nani?" mama mmoja aliuliza. Alikuwa Yuditha, mjumbe kutoka kijiji cha Mzee Anold.

Jovin alisoma jina, akakohoa. Kilikuwa cha kwao.

Ukumbi ukaanza kunong'ona, na manong'ono ya watu wa Kirua yalikuwa na raha ndani yake. Mzee Anold alisimama. "Jamani. Mashine hizi ni za watu. Mtu anaweza akaingiza anachotaka. Tusiamini tu kila—"

"Mzee, samahani," Yuditha alisema. Hakuwa na kejeli, na hilo ndilo lilimmaliza Mzee. "Si hii ndiyo tuliyoibariki juzi? Tulikula mbuzi kwa ajili yake. Sasa Padri ameibariki, halafu idanganye?"

Mzee aligeukia meza. Akaangalia seva. Taa ya kijani ilimwangalia kupitia kwenye tundu. Magdalena, mstari wa mbele, alikuwa anamtazama mumewe kwa macho makubwa, akisubiri kusikia kama kazi yake ya kufuma ilikuwa juu ya kitu cha kweli au cha uongo. Angesema inadanganya, angekuwa amewavunjia heshima Padri, mkewe na mbuzi kwa pamoja. Mzee akakaa.

"Haidanganyi," alisema, akiwa ameshakaa. "Nilisema tu kwa ujumla."

Kura ilipigwa kwa mikono. Kirua itengwe. Mikono ya Kirua ilinyooka yote, na ya Yuditha ilinyooka pia, na alipoulizwa na mwenzake amepatwa na nini, alijibu kwamba yeye akitaka kibao chake kirefuke atakwenda kwa Dominika kuulizia kichanja, hawezi kurefuka kwa kupanda mgongo wa mtu. Hoja ya Mzee ikaanguka. Mzee akainuka tena, maana kukaa kimya muda mrefu kulimwasha, akamshukuru Mungu kwa mashine hii ambayo, tangu ibarikiwe, imefanya kazi bila tatizo lolote. Watu wakapiga makofi. Jovin naye akapiga.

Shangazi hakupiga. Hakungoja hata picha. Alimwona Mzee akimtafuta kwa macho ili aje asimame karibu na maua ya plastiki, akateremka ngazi za nyuma peku, mikono bado ameiachanisha, akaenda moja kwa moja ghalani. Anawajua watu wake. Uamuzi wa asubuhi, kwenye chama kile, jioni huwa umeshapata mjomba wa kuugeuza. Wapakuzi walikuwa wameketi juu ya magunia wakinywa chai.

"Simameni," aliwaambia. "Yote yenye alama ya Kirua yaende ukuta ule kule."

"Mama, hatujapewa maelekezo na ofisi."

"Ofisi ndiyo hii imesimama mbele yenu inanuka. Bebeni kabla sijawashika na mikono hii."

Waliiangalia ile mikono, wakasimama. Juu, ukumbini, Mzee Anold alikuwa ndiyo kwanza anamwomba mjumbe mmoja afunge kwa sala, na sala ya huyo mjumbe inajulikana kwa urefu wake. Wakati watu wanajibu amina, gunia la mwisho la Kirua lilikuwa limeshatuliwa upande wa pili wa ghala, na shangazi yangu ameshafunga komeo kwa kiwiko.